Friji imezima, injini inawaka

SWALI: Mimi na mume wangu tumekodi gari la safari, lenye kitanda na friji ndani. Siku mbili za mwanzo mambo yalikuwa shwari. Asubuhi ya tatu friji ikazima na taa zikafifia, ilhali injini inawaka vizuri. Betri imekufa?

JIBU: Huenda haijafa, ina njaa tu. Magari haya huwa na betri mbili: ya kuwashia injini, na ya vifaa vya ndani. Ya pili ndiyo iliyoisha. Ikiwa ni ya risasi (madini ya ledi) yenye ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), zinazofaa kutumika ni 50 hivi. Mkizidisha mnaifupishia maisha. Friji ya kompresa, ile ya umeme tu, hula takriban ampea-saa 30 kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Pigeni hesabu, hasa kama mnaendesha nusu saa tu kwa siku, maana betri hiyo huchajiwa injini ikiwaka.

Zimeni kila kitu kwa saa kadhaa, kisha mpime kwa voltimita. Volti 12.7, imejaa, 12.2, iko nusu. Chini ya 12, acheni kuitumia. Laleni kwenye kambi yenye umeme, muichaji betri usiku kucha, maana betri ya risasi hujaa polepole mwishoni. Isipopanda, kagueni fyuzi iliyo karibu nayo; rilei ya alteneta (swichi inayopeleka umeme wa injini kwenye betri hiyo) mwachieni mwenye gari.

Friji ikiwa ni ile inayotumia gesi pia, msiiache kwenye volti 12 gari likiwa limesimama: hunyonya ampea 10 au zaidi. Iwasheni kwa gesi, mahali tambarare.