Bosi anagoma kutupa ruhusa ya semina ya chama

SWALI: Shkamoo dada. Mimi nafanya kazi kiwandani Morogoro, juzi nimechaguliwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, sasa kuna semina ya siku tatu bosi anasema nikienda nakatwa mshahara, na humu wawakilishi karibu wote ni wanaume. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera sana kwa kuaminiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwakilishi likizo yenye malipo, kwa muda wa kuridhisha, aende mafunzo yanayohusu kazi yake ya uwakilishi, kwahiyo andika barua mapema, chama kiambatanishe ratiba. Na penye wanachama zaidi ya 100 wawakilishi wanakuwa 15, angalau 5 wawawakilishe wanawake, hilo lidai bila kuona haya! Huko semina uliza hasa namna ya kuongea na mwenzako mmoja mmoja wakati wa chai, kumsikiliza kwanza shida yake, maana watu hawajiungi kwa sababu ya hotuba, na namna ya kumfikishia mbunge hoja ya kima cha chini cha mshahara. Ukirudi wafundishe na dada zako wa zamu ya usiku, wale huwa wanasahaulika na inaniuma sana.