Majina arubaini, utamuuzia nani?

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika. Orodha uliyoambatisha, mara ya kwanza niliisoma nikacheka, mara ya pili nikachukua kalamu. Waniuliza kama akiba yako uitie kwenye majina ya tovuti, uyanunue sasa kwa bei ya chini uje uyauze bandari ya Lamu ikichangamka. Waniuliza mimi kwa kuwa ni dalali wa viwanja tangu hujazaliwa. Haya.

Biashara yenyewe si ya uongo. Mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy iliuza jina voice.com kwa dola milioni 30. Lakini tazama mnunuzi: Block.one, waliokuwa wakianzisha mtandao wa kijamii wa jina hilohilo. Haja walikuwa nayo na fedha walikuwa nazo. Mauzo kama hayo husimuliwa kila siku. Majina yaliyolala miaka bila kuulizwa bei, nani ayasimulie?

Kiwanja cha Mokowe kisipopata mteja, utapanda hata mnazi. Jina la tovuti hulimiliki, umelikodi, na kila mwaka linadai kodi yake. Majina 40 kwa dola 12 kila moja ni dola 480, na mwakani tena. Usipolipia jina la .com, ukipita muda wa nyongeza wa msajili wako, yaani kampuni iliyokuandikishia jina, una siku 30 za kulikomboa kwa bei ya kuumiza. Hapo hufuata siku 5 ambazo huwezi kufanya lolote, kisha linakuwa la atakayewahi.

Kwa hiyo kabla hujalipa, nitajie watu watatu ambao wangelitaka jina hilo kesho. Ukikwama kwa wa pili, liache.

Kwa kipimo hicho orodha yako imepukutika. Lile lenye vistari vitatu na namba 4 iliyokaa mahali pa neno, jaribu kumtajia mtu kwa simu uone. Yenye neno bandari ni kumi na moja, na mteja wa yote ni mmoja, tena ni serikali, ambayo haitakuja kwako. Lile la mashua za Shela ndilo limenipendeza: fupi, latamkika, na manahodha wa kutembeza watalii hawana idadi. Bei yake haitakuwa ya kujengea ghorofa, ila litauzika. Kama .ke yake iko wazi, ichukue pia. Tangu 2017 KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke ya Kenya, wanasajili .ke tupu, bila .co katikati.

Sasa lile la hoteli. Hoteli ile ina wenyewe, jina liko kwenye kibao pale gatini, na wewe tayari umelisajili ukingoja waje kukubembeleza. Huo si udalali, mwanangu. Mmarekani mmoja alisajili jina la Panavision, wale watu wa kamera za sinema, akawataka dola 13,000. Wakamshtaki, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikawapa wao haki. Tangu 1999 upo pia utaratibu wa kimataifa: mwenye alama ya biashara hupeleka malalamiko WIPO, shirika la dunia la hakimiliki za ubunifu, na akithibitisha kuwa ulisajili kwa nia mbaya unanyang'anywa jina bila senti. Na hapa kwetu, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 28, yasema faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote.

Basi usiwaandikie bei. Lifute, na ukishindwa kulifuta usililipie tena.

Lipia la mashua na yale mawili ya samani niliyoyatia alama. Mteja akitokea, fedha zikae kwa kampuni ya amana mpaka jina lihamie kwake, hata awe rafiki yako. Yaliyobaki yaache.

Mamako auliza kama Maulidi utakuja. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kuwa tarishi.

Babako