Una ulemavu na umeitwa usaili? Sema mapema unachohitaji

Kila ikifika tarehe 3 Disemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu Duniani, tunavaa fulana, tunasikiliza hotuba, tunapewa maji ya chupa na kurudi majumbani. Siku ya pili yake simu yangu haitulii. "Dada, mwanangu kamaliza diploma, ana ulemavu wa miguu. Si serikali imesema asilimia 3 ya ajira ni zenu?" Swali hili nimeulizwa na watu wa Konde na wa Makunduchi, bora nilijibu hapa mara moja.

Hiyo asilimia 3 imo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini ni sheria ya Tanzania Bara, si ya huku kwetu Zanzibar. Mambo ya kazi hayamo katika Muungano, kwa hivyo ukienda kuidai kwenye hoteli ya Nungwi utajibiwa kwa adabu kwamba huku haifanyi kazi, na hapo umeshaonekana hujui unachokizungumza. Sheria yetu ni Namba 8 ya 2022, iliyokuja baada ya ile Namba 9 ya 2006. Chombo chetu ni Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililo chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Juu yake upo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na huo unatuhusu sote, Bara na Visiwani. Kifungu chake cha 27 kinazungumzia kazi, na kimetaja wazi marekebisho ya mahali pa kazi kwa ajili ya mwenye ulemavu. Mimi nashikilia hapo kwenye marekebisho, kwa sababu ndiko nilikopata kazi.

Natembea kwa magongo tangu utotoni. Nilipoitwa usaili wa kazi ya uhasibu, ofisi ilikuwa juu kabisa katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, na nyumba zile mnazijua: ngazi za mbao, zimesimama wima, giza mchana. Siku ile ile nikapeleka barua ya mistari miwili: natumia magongo, naomba usaili ufanyike chini. Hawakuwa na chumba chini. Wakafungua stoo, wakaingiza meza moja na viti vilivyopatikana, na mjumbe mmoja akanihoji kakalia maboksi ya karatasi, faili kaliweka mapajani. Haikuwagharimu hata shilingi. Lau ningefika asubuhi ile bila ya barua, ningeambiwa pole, na pole haina mshahara.

Kwa hivyo andika unachohitaji, na ukitaje kwa jina lake. "Naomba nifikiriwe kutokana na hali yangu" haimsaidii karani. Hajui akufikirie vipi. Kiziwi aombe mkalimani wa lugha ya alama, na akitaka kuelekezwa wa kuaminika aende CHAVIZA, chama cha viziwi Zanzibar. Asimchukue mdogo wake kuwa mkalimani. Nimeshamuona kaka wa mtu akijibu maswali yote mwenyewe, tena kwa ufasaha, na aliyeomba kazi amekaa pembeni. Asiyeona aombe tangazo na fomu kwa maandishi ambayo simu yake inaweza kuyasoma, maana hizi picha za barua zinazorushwa WhatsApp simu haizisomi vizuri, na pengine haizisomi kabisa.

Wapo wanaoshauri ulemavu ufichwe mpaka kazi ipatikane. Sikubaliani nao. Ukificha, marekebisho utayaomba lini? Fomu ikiuliza, jibu ndiyo, kisha ongeza mstari mmoja wa unachohitaji ili kazi uifanye. Mstari huo ndio unaomgeuza msomaji akaacha kukuona mgonjwa.

Na hapa niseme jambo ambalo sera haiwezi kulifuta. Ijumaa moja natoka benki Darajani, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, mshahara umo mkobani, mzee mmoja akanitia noti ya elfu moja kiganjani na kuniombea dua. Nikaipokea. Kumrudishia mtu mzima sadaka yake mbele za watu ni kumvunjia heshima, na nia yake ilikuwa njema. Lakini moyo ule ule ndio unaokaa kwenye meza ya usaili. Ndio unaosema, "Maskini ya Mungu, muekeni mapokezi akae tu." Nimewaona wenzangu waliokaa tu hivyo miaka: mshahara wanapata, kazi hawapewi, na majina ya mafunzo yakipangwa lao halimo. Ukiajiriwa halafu ukawa hupewi kazi, nenda kwa mkuu wako na uombe majukumu yako yaandikwe. Utaonekana huna shukrani. Vumilia, maana bila ya majukumu kupanda cheo usahau.

Kujiajiri nako kupo, na mikopo ya ZEEA, wakala wa kuwezesha wananchi kiuchumi, inafaa kuulizia. Ila nachukia kusikia mwenye ulemavu mwenye cheti chake anaelekezwa moja kwa moja kwenye kuuza ubani na kusuka ukili, kana kwamba ofisi si zake.

Wazazi, mpelekeni mtoto kwa sheha akaandikishwe, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kisubiriwe kwa hamu kama cha nduguze. Barua yoyote mnayoipeleka ofisini, chapisheni nakala mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ikikaliwa kimya, chukueni nakala hiyo muende nayo Baraza. Wa Pemba hamna haja ya kupanda boti, ulizieni mratibu aliye huko huko. Mkifika na maneno matupu mtasikilizwa na kuambiwa mrudi wiki ijayo. Mkifika na muhuri, atapigiwa simu aliyeipokea.