Kile "kijiwe" cha kiberiti cha gesi si jiwe

Umeuliza kijiwe kinachotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi ni jiwe gani. Si jiwe, ndugu, ni aloi, yaani metali kadhaa zilizoyeyushwa pamoja. Msingi wake ni mchanganyiko wa metali adimu usiotenganishwa: karibu nusu seriamu, robo hivi lanthanamu, na kinachobaki zaidi ni neodimiamu na praseodimiamu. (Hilo jina "adimu" nalo linapotosha, seriamu imejaa ardhini kama shaba tu.)

Mchanganyiko huo peke yake ni laini mno, unakatika kwa kisu. Ndiyo maana huongezwa chuma, kama asilimia 20 hivi, na magnesiamu kidogo, ukakamae na kumeguka vizuri. Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria, ndiye aliyeigundua aloi hii, 1903.

Ukizungusha gurudumu, meno yake hukwangua vumbi jembamba sana. Seriamu hushika moto chini ya nyuzi 200 za Selsiasi, kwa hiyo joto la msuguano linatosha: vumbi linawaka likiwa hewani, na gesi inadaka hapo hapo. Gurudumu lenyewe ni chuma kigumu tu, halitoi cheche hizo.