Bosi anataka tuajiri mtu waliyekuwa naye fraterniti moja, sheria inasemaje?

Swali: Kaka shikamoo. Mimi ni meneja wa mahesabu kwenye kampuni ya malori hapa Ohio, tuko kama watu 40. Tunatafuta mhasibu, wamebaki wawili. Mmoja kaandika kwenye sivii fraterniti, yaani chama cha wanafunzi, aliyokuwa chuoni, bosi kuona ni ileile yake basi, anamwita ndugu yangu na intavyuu haijafanyika. Mwenzake hana chama, alisoma huku anapiga shifti za usiku ghalani. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada, na umefanya vizuri kuuliza mapema, wengi wananitafuta mtu ameshaanza kazi.

Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964, Sehemu ya Saba, inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 na zaidi kwahiyo nyie mmo, inakataza kubagua kwa rangi, asili ya mtu, dini na jinsia. Fraterniti haijatajwa humo. Manake bosi akimpenda mtu sababu walikuwa chama kimoja, hilo peke yake halijavunja sheria ya shirikisho. Ila usilale hapo, sababu fraterniti hizi za kijamii ni za wanaume na sororiti ni za wanawake, kwahiyo ukisema natafuta wa fraterniti yangu umeshawatoa wanawake wote hata kama neno mwanamke hujalitamka. Na rangi pia imo. Fraterniti ya Alpha Phi Alpha ilianza 1906 kule chuo cha Cornell na sororiti ya Alpha Kappa Alpha 1908 pale chuo cha Howard, zote zimeanzishwa na wanafunzi weusi enzi ambazo vyama vya wazungu vilikuwa vimewafungia mlango, kwahiyo hizo herufi tu za Kigiriki za jina la chama kwenye sivii zinakuonyesha jinsia ya mtu na mara nyingi rangi yake kabla hujamuona, na hapo mtu anaweza kupendelewa au kutupwa. Mwaka 1971 kwenye kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya Duke Power, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kigezo kinachoumiza kundi fulani na hakihusiani na kazi ni kosa hata kama mwajiri hakukusudia. Bosi wenu akiufanya huu ndo mtindo wake wa kuajiri anajitafutia kesi.

Angalia pia ni herufi zipi, sababu watu wanachanganya sana hapa. Beta Alpha Psi ni ya wanafunzi wa uhasibu na fedha, Beta Gamma Sigma ni ya biashara, hizo unaingia kwa maksi na wanaume kwa wanawake wamo, kwahiyo zinakwambia kitu kuhusu masomo ya mtu. Fraterniti ya kijamii inakwambia alichaguliwa na wenzake akawa na hela ya kulipa ada, basi. Na hapa naumia kwa kweli, sababu vijana wetu wengi huku wanasoma kama huyo wa ghalani, usiku kazini asubuhi darasani na hela nyingine inaenda kwa mama nyumbani, hiyo nafasi ya kukaa kwenye chama wangeitoa wapi?

Chama chenyewe kipe sifuri, alichokifanya ndani ndo ukipime. Kama alikuwa mweka hazina muulize bajeti ilikuwa kiasi gani, hesabu zilipogoma alifanyaje, kama ambavyo ungemuuliza mweka hazina wa kanisa au wa vikoba. Na wa ghalani naye muulize ya kwake kwa uzito uleule. Halafu wape wote mtihani mmoja, taarifa ya benki na daftari la kampuni vyenye makosa uliyoyaweka wewe, dakika zilezile, wavilinganishe. Kila msaili aandike maksi zake kabla hamjaanza kuongea.

Bosi mfuate leo, ukiwa naye peke yake, mwambie mzee huyu mtu mna uhusiano naye, tukimchukua hivihivi wenzake ofisini watasema kaingia kwa kujuana, naomba maksi tutoe sisi wewe usaini mwisho. Wengi wakiambiwa kwa heshima wanakubali.

Akishinda wa fraterniti mchukueni bila wasiwasi. Karatasi za wote wawili tunza, sheria inataka kumbukumbu za ajira zikae angalau mwaka 1, na yule aliyekosa akiuliza kwanini, unamfungulia faili anaona maksi zake.