Vumbi la nyumbani na mtoto aliyepandikizwa uloto

SWALI: Binti yetu wa miaka 9 alipandikizwa uloto (ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) Dodoma mjini kwa sababu ya selimundu. Siku ya 90 anarudi nyumbani. Tunaishi kwenye tembe (nyumba ya paa bapa la udongo), na mtama umewekwa chumba cha pili. Anameza flukonazo. Jirani anasema dawa hiyo inamkinga na fangasi wote. Ni kweli? – Mama, Bahi

JIBU: Si kweli, mama. Flukonazo humzuia zaidi kandida, fangasi wa mdomoni na tumboni. Haimgusi aspajilasi, ukungu wa udongo, samadi na nafaka iliyohifadhiwa. Chembe zake za uzazi zina upana wa mikroni 2 hadi 3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Wewe unazivuta kila siku na kinga yako inazimaliza.

Wengi hudhani hatari imekwisha neutrofili (seli nyeupe za kinga) zikishapanda juu ya 500 kwa mikrolita. Bado. Binti anaweza kuwa kwenye dawa za kushusha kinga kwa miezi. Seli mpya alizopandikizwa zikianza kuushambulia mwili wake (vipele, kuhara, macho ya njano) atapewa steroidi, dawa inayoshusha kinga zaidi, na hapo ukungu hupata nafasi ya pili. Kwa hiyo muulize daktari kliniki: je, abadilishiwe posakonazo au vorikonazo, zinazomfikia aspajilasi?

Mtama utoke nyumbani kabla hajafika. Huku mnaikumbuka sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka) ya mwaka 2016, Chemba na Kondoa. Ile ilikuwa sumu ya kuliwa. Hapa tunazungumzia kinachovutwa puani, na kuchambua au kupepeta ndiko kunakokirusha hewani. Paa la tembe nalo hudondosha udongo usiku kucha. Kama jamaa ana chumba cha bati na sakafu ya saruji, binti alale huko. Kama hakuna, tandazeni turubai safi chini ya dari nzima, likazwe pembeni, na lisifunguliwe akiwa ndani. Sakafu inyunyiziwe maji kwanza, ifagiliwe yeye akiwa nje, arudi vumbi likishatua. Banda la kuku na zizi asikaribie. Barakoa ya kitambaa huvuja pembeni. Inayofaa ni N95 inayobana uso, na hata hiyo haimpi ruhusa ya kwenda kwenye kupura. Pilipili manga na viungo vya unga vichemke pamoja na mboga, visinyunyizwe sahanini.

Nunua themometa. Ikisoma 38 au zaidi, usimpe parasetamoli kwanza ukasubiri, maana itaficha homa. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kipimo cha malaria kikiwa chanya. Vivyo hivyo akikohoa, kifua kikimchoma anapovuta pumzi, au makohozi yakiwa na damu.

Flukonazo yenyewe msiikatize eti kwa kuwa haigusi ukungu wa vumbi. Hupandisha kiwango cha siklosporini (mojawapo ya dawa za kushusha kinga) kwenye damu, na daktari huenda alipima dozi akizihesabu dawa zote mbili. Ukiiacha ghafla, siklosporini hushuka, na seli mpya zikapata mwanya wa kuushambulia mwili.