Maneno ya kale ya Kiingereza yanayoanza na "caco-"

Umeuliza "caco-" ni nini, na utajuaje kama neno la zamani ulilokutana nalo limetoka huko kweli.

Asili yake ni kivumishi cha Kigiriki kakos: -baya, -ovu, -bovu, kutegemea kinachosifiwa. Maneno mengi ya aina hii yamepitia Kilatini, ndiyo maana k imekuwa c. Ukikuta k imebaki, kama kwenye "kakistocracy", mzizi ni uleule ila umepanda daraja: kakistos ni mbaya kuliko wote, hivyo huo ni utawala wa watu wabaya kuliko wote. Neno hilo limo katika mahubiri yaliyotolewa Oxford mwaka 1644, na bado halijachakaa.

Kupima ni hivi. Kata "caco-", tazama kilichobaki. Kikiwa Kigiriki kinachojulikana (-phony, sauti; -logy, usemi; -graphy, uandishi), uko njiani. Halafu tafuta mwenzake mzuri, maana yeye ndiye anayefungua maana. "Cacophony", makelele yasiyopatana, yuko mkabala na "euphony", sauti tamu. "Cacography" ana wapinzani wawili, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: mkabala na "calligraphy" (mwandiko mzuri) ni mwandiko mbovu, mkabala na "orthography" (tahajia sahihi) ni tahajia mbovu. Kwa hiyo usikimbilie kutafsiri "mwandiko mbaya". Soma kwanza mwandishi analalamikia nini: herufi zisizosomeka, au maneno yaliyoendelezwa vibaya kwa hati safi kabisa?

"Cacodemon", pepo mbaya, Shakespeare amelitia kinywani mwa Malkia Margaret akimlaani Richard, katika tamthilia ya Richard III. Mtu atauliza, kwani kuna pepo mzuri? Kwa Wagiriki, ndiyo. Daimon (pepo) peke yake hakuwa mwovu, ilibidi aongezewe ubaya; sisi ndio tunaosema "pepo mbaya" bila kuona kwamba tunarudia jambo.

Tamu kuliko yote kwangu ni "cacoethes". Hutamkwa silabi nne, ka-ko-II-thiiz, mkazo kwenye ya tatu, th kama ya "thamani". Mwisho wake -es huwadanganya watu wadhani ni wingi, ni umoja. Kwa matabibu wa kale lilikuwa jina la uvimbe au kidonda kibaya kisichotaka kupona. Juvenal, mshairi wa Roma, akalihamishia kwa watu wasioweza kuacha kuandika, na Waingereza wakalichukua kwa maana hiyo: mwasho wa kufanya jambo usilopaswa kulifanya.

"Cacotopia", mahali pabaya pa kuishi, ni la Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza. Mwaka 1868 John Stuart Mill, mwanafalsafa mwingine, alilitumia katika bunge la Uingereza sambamba na "dys-topians", lenye dys-, kiambishi kingine cha Kigiriki cha ubaya. Dys- likashinda, ndiyo maana leo husemwa "dystopia". Hasara, naona mimi.

Katika kemia kuna "cacodyl", kimiminika cha aseniki chenye harufu ya kutapisha. Hapa mzizi wa karibu ni kakodes, yaani -enye kunuka vibaya. Jina alilipendekeza mwanakemia Berzelius. Mwenzake Bunsen, aliyeichunguza jamii hiyo ya kemikali, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia katika mlipuko wa mojawapo.

Kiambishi kikifuatwa na irabu au pumzi ya h, o huweza kudondoka, ingawa katika "cacoethes" imebaki. "Cachexia", kudhoofu kwa mgonjwa wa saratani au kifua kikuu hadi abaki mifupa, ni kak- na hexis (hali). Hiyo ch ni k tu, usiitamke kama ya "chai".

Sasa mitego. "Cacao" ni la Kinahuatl cha Meksiko. "Cacique", chifu, ni la Wataino wa Karibi. "Cachinnate", kuangua kicheko, ni Kilatini kitupu. Na "cactus" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ni Kigiriki kweli, ila ni kaktos, jina la mmea wa miiba, halihusiani na kakos. Ukikata "caco-" hapo hupati hata hiyo o.